Neno la Siri

Newala, maji hufungwa kufuli.
Kisima cha mvua nyuma ya nyumba yetu kina kifuniko cha bati,
na ufunguo mama huufunga pembeni mwa kanga.
Akichota mtu usiku, asubuhi kamba husema:
jana ilifika fundo la nne, leo inatafuta la tano.

Faili halina kamba.
Chingwile alikaa kwenye kompyuta yangu dakika kumi,
siku steshenari imejaa wanaotaka barua za AMCOS,
akasema anachapa wasifu wa kuombea kazi ya ulinzi.
Akaondoka na maneno yangu yote ya Kimakonde,
elfu moja na tisini,
miaka sita ya kuwauliza wanawake
foleni ya bomba, matangani, jikoni wakimenya mihogo,
ndani ya flashi isiyozidi korosho mbili.
Na mimi nilipofungua yalikuwapo yote,
yamejaa hadi mdomoni.
Hakuna tone lililopungua.

"Utamshtaki kwa lipi?" aliuliza kaka yangu.
"Mbuzi wako yumo bandani."

Msidhani sikujikinga.
Folda niliipa jina Risiti za Zamani, nani angehangaika nayo?
Kisha nikaificha. Kisha nikaiwekea neno la siri:
jina la dada yangu marehemu na mwaka wake wa kuzaliwa.
Lakini siku ile ilikuwa wazi,
nilikuwa namsomea Bi Asumini herufi ya N anisahihishe,
mara mteja akaita: printa imemeza karatasi.
Nikainuka.
Basi. Ni hilo tu. Niliinuka.

Kinga moja haikulala.
Namba mia sita na kumi na tatu: lindwenu.
Halipo. Nililitunga mwenyewe
usiku umeme umekatika, betri inahesabu dakika,
nikalipa maana: ule mshtuko wa mkono
unaponyanyua ndoo ukidhani imejaa, kumbe tupu.
Mtego. Atakayelichapa, kachukua kwangu.

Kitabu chake kikatoka, kurasa themanini, jalada la kijani,
shilingi elfu tatu, kimetungwa na R. Chingwile.
Nikaenda moja kwa moja ukurasa wa arobaini na moja.
Lilikuwamo,
limekaa katikati ya maneno ya kweli
kama mgeni aliyepewa kigoda.
Nilicheka hadi mteja akauliza kama nimetumiwa hela.

Nikapiga picha ukurasa. Nikapanga Jumatatu niende kwa mtendaji.
Ndipo Mkunya, mnadani,
mwanamke asiyenijua akafungua simu, akatazama salio,
akamwambia mwenzake:
"Nilijua mwanangu katuma. Lindwenu."
Mwenzake akaguna. Kaelewa.

Nikamfuata kati ya mitumba. Dada, hilo neno umelitoa wapi?
Akaanza na viatu vyangu, akapanda taratibu hadi usoni.
"La bibi yangu hilo. Kwani wewe si wa huku?"

Jumatatu ilipita, na mtendaji hakuniona.

Neno la siri nimelibadilisha. Sasa ni refu,
lina namba, lina alama, wala si jina la mtu ninayemlilia.
Kompyuta hujifunga yenyewe nikiinuka, hata kwa dakika moja.
Nakala nyingine iko kwa mama,
ndani ya mkoba wenye hati ya shamba.
Chingwile akipita namsalimia, ananisalimia,
wote wawili tunatazama barabara.

Kwenye daftari la mitego, lindwenu nimelikata.
Na kwenye faili, kando ya mia sita na kumi na tatu,
nimeandika kama ninavyoyaandikia yote:
Limesikika Mkunya. Msemaji ni mwanamke, umri kama wangu.
Asili: kwa bibi yake.